"Few" na "a few" zimenigeuzia hoja nzima kuhusu elimu ya kesho. Wajuzi, karibuni

#1 Mwanga_wa_Jioni
Habari wanajamvi. Jambo hili limenikaa kooni wiki nzima.

Nasoma kozi ya kuandika hoja kwa Kiingereza. Tulipewa swali: miaka 20 ijayo elimu itakuwaje? Msimamo wangu ulikuwa kwamba hata mashine zikifundisha, watabaki wanafunzi wasioweza kwenda bila mwalimu wa kukaa nao ana kwa ana, na hao tusiwaache nyuma. Nikaanza hivi: "Few students will need a human teacher." Kichwani mwangu nilikuwa nasema wapo wanafunzi wachache watakaomhitaji mwalimu.

Msahihishaji akaipigia mstari. Pembeni akaandika kwamba najipinga: aya nzima inawatetea walimu, ila sentensi ya kwanza inasema karibu hakuna atakayewahitaji.

Kilichokosekana ni herufi moja tu, "a". Ningeandika "A few students" ningekuwa salama.

Nina maswali mawili. Kwa nini sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunanasa hapo? Na je, kwa kuwa mashine sasa zinatafsiri kila kitu, kuna haja gani ya mtoto wa leo kuumiza kichwa na vivumishi vya idadi vya Kiingereza?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Wajuzi waje.

#3 Kalamu_Nyekundu
Mleta uzi, pole. Nimefundisha Kiingereza miaka 14 na kosa hilo nimelisahihisha mara zisizo na idadi.

Sababu ni nyepesi: Kiswahili hakina "a" wala "the". Mwanafunzi wetu anaiona "a" kama pambo, anaidondosha. Lakini hapo siyo pambo. "Few" na "little" zinaangalia upungufu, "a few" na "a little" zinaangalia kilichopo.

Darasani naweka vipande 3 vya chaki mezani. Namwita mwanafunzi wa kwanza, namwambia aandike tarehe ubaoni. Chaki zipo? Zipo. "There are a few pieces." Namwita wa pili, namwambia anakili ubaoni shairi la beti 20. Anaviangalia vipande vile vile vitatu, anatikisa kichwa. "There are few pieces." Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa pale mezani. Aliyebadilika ni mtazamaji na haja yake.

Baada ya hapo sina haja ya jedwali.

#4 Mzee_wa_Ngeli
Mwalimu, mfano wa chaki nimeupenda, nitauiba. Ila hiyo sababu yako siikubali.

Kirusi nacho hakina "a" wala "the", lakini kina maneno mawili tofauti kabisa: "malo" kwa upande wa upungufu na "neskolko" kwa upande wa kuwapo. Kwa hiyo kukosa "a" peke yake hakuelezi kitu.

Tena nani kasema Kiswahili hakina tofauti hiyo? Sikiliza:

Wamekuja wachache.
Ni wachache waliokuja.

Ya kwanza inakuambia wapo, andaa viti. Ya pili inakuambia mkutano umedoda. Neno ni lile lile "wachache", mpangilio ndio unaofanya kazi. Mleta uzi alipowaza "wapo wanafunzi wachache watakaomhitaji", lile "wapo" ndilo lilikuwa "a" yake. Akalibeba "wachache" kwenda Kiingereza, "wapo" akaliacha nyumbani.

#5 Mwanga_wa_Jioni
Mzee, hapo umenifungua macho. Nilidhani lugha yangu imeninyima kitu, kumbe nilikuwa nacho.

#6 Fundi_Mitambo
Wakuu, kwa heshima zote, mnajadili kushona kwa mkono wakati cherehani ipo. Mwaka 2020 wanafunzi wote duniani walifungiwa shule na wakasoma kwa mtandao. Tangu Novemba 2022 ilipotoka ChatGPT, kila mtoto ana mwalimu mfukoni. Na utafiti wa Bloom, mtaalamu wa elimu, wa 1984 ulishaonyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida akipewa mwalimu wake peke yake anawapita 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Sasa mwalimu huyo wa peke yako ni programu. "Few" na "a few" itarekebisha yenyewe.

#7 Takwimu_Kwanza
Fundi, bandiko lako limejaa maneno ya idadi na karibu yote yameteleza.

"Wanafunzi wote" mwaka 2020: hapana. Ni karibu wote. Umoja wa Mataifa ulitaja takriban bilioni 1.6, zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wa dunia. Kwa Kiingereza ni "nearly all", siyo "all". Na hao waliofungiwa shule siyo wote waliosoma kwa mtandao. Wengine walifuata masomo redioni, wengine walikaa tu.

"Kila mtoto": wenye simu, umeme na bando ndio unaowasema.

Bloom: namba hiyo ni yake kweli, lakini waliokuja baada yake hawakupata matokeo makubwa kiasi hicho. Mtafiti VanLehn alipokusanya tafiti mwaka 2011, faida ya mwalimu wa mtu mmoja ilitoka 0.79 kwa kipimo kile kile cha ukubwa wa tofauti ambacho Bloom alipata 2. Bado ni faida nzuri sana. Ila siyo ile.

Huoni kwamba hoja yako nzima imesimama juu ya "wote" na "kila"?

#8 Fundi_Mitambo
Nimekubali kwenye "wote". Andika "karibu wote". Hoja yangu haijafa.

#9 Siti_ya_Mbele
Fundi leo kapimiwa kwa rula 😂

#10 Zumaridi_T
Nachangia kama mkalimani. Kwenye kikao kimoja mtoa mada alisema "Quite a few schools have dropped printed books." Mwenzangu kibandani akatafsiri "shule chache zimeacha vitabu vya karatasi". Ukumbi ukatulia, watu wakaona kumbe siyo jambo kubwa. Kumbe "quite a few" ni nyingi, tena nyingi za kukushtua. Nikamsogezea karatasi nimeandika "SI CHACHE". Alirekebisha, lakini msikilizaji akishaupokea ujumbe, kumrudisha ni kazi.

Kwa hiyo ongezeni kwenye orodha: "few" ni upungufu, "a few" ni wapo, "quite a few" ni wengi, "only a few" inarudi tena kwenye upungufu. Neno moja hilo hilo, linaelekezwa na kilichotangulia.

Na sababu yangu mimi ni sikio. Kiswahili hutamka kila irabu waziwazi. Ile "a" ya "a few" humezwa, haina mkazo. Anayejifunza kwa kusikiliza haisikii, basi hawezi kuiandika.

#11 Kalamu_Nyekundu
Dada Zumaridi, hiyo ya sikio ina uzito. Lakini mleta uzi alikuwa anaandika, hakuwa anasikiliza.

#12 Zumaridi_T
Mwalimu, mtu huandika kile alichozoea kukisikia.

#13 Bando_Limeisha
Naomba kuuliza pembeni kidogo. Kwa nini "much money" wakati pesa zinahesabika? Mwalimu wangu alisema "many" ni kwa vinavyohesabika.

#14 Mzee_wa_Ngeli
Kijana, hapo ndipo ngeli zinapotudanganya. Kiswahili kinasema mayai mengi, maji mengi. "Mengi" ile ile. Ngeli haijali kama kitu kinahesabika. Kiingereza kinawatenganisha: "many eggs", "much water".

Sasa pesa. Unachohesabu ni noti na sarafu. "Money" kwa Kiingereza ni kama maji, haina wingi wa kawaida, husemi "two moneys". Ndivyo ilivyo pia kwa "information", "advice", "furniture", "equipment", "homework". Sisi tunasema vifaa vingi, samani nyingi, mashauri mengi, tunaona wingi kabisa, halafu tunaandika "many equipments". Kinachoamua ni jinsi neno lenyewe linavyokubali kuhesabiwa katika lugha hiyo, na hilo hujifunza neno kwa neno.

#15 Bando_Limeisha
Shukrani mzee. Kwa hiyo "much homework".

#16 Kalamu_Nyekundu
Sawa, ila kwenye sentensi ya kawaida isiyo ya kukanusha wala kuuliza, "a lot of homework" huja kirahisi zaidi. "Much" hupenda kukaa kwenye ukanushi na maswali.

#17 Mama_wa_Pacha
Mimi sina utaalamu, nina kisa. Mwanangu wa miaka 8 anafanya mazoezi ya Kiingereza kwenye programu moja ya kishikwambi. Ikamletea: "Some birds have wings. True or false?" Akabonyeza kweli. Ikawaka nyekundu. Jibu lao ni kwamba siyo kweli, eti kwa sababu ndege wote wana mabawa.

Mtoto akanigeukia: "Mama, kwani kunguru hana mabawa? Na njiwa je?" Sikuwa na jibu. Akairudia mara tatu akibonyeza kweli kwa nguvu zaidi kila mara, kana kwamba kioo hakijamsikia. Mara ya nne akabonyeza si kweli, ikawaka kijani, ikamrushia nyota. Hakufurahi hata kidogo.

Naomba mwenye kujua aniambie. Mwanangu alikosea?

#18 Takwimu_Kwanza
Hakukosea, mama. Kwa mantiki kavu, kama ndege wote wana mabawa, basi baadhi wanayo pia. Sisi watu wazima tunaposikia "baadhi" tunaongezea wenyewe "lakini si wote", kwa sababu tunaamini msemaji angekuwa anamaanisha wote angesema wote. Hilo mwanafalsafa Grice alilifafanua tangu 1975: maana nyingine hatuzisikii kwenye neno, tunazikisia kwa kumchukulia msemaji kuwa mtu mwenye busara.

Na mwaka 2001 mtafiti aitwaye Noveck, huko Ufaransa, aliwapa watoto na watu wazima sentensi za aina hiyo hiyo, kwa mfano kwamba baadhi ya twiga wana shingo ndefu. Watoto walio wengi walikubali kwamba ni kweli. Watu wazima zaidi ya nusu walikataa. Mwanao yuko na wenzake.

#19 Mama_wa_Pacha
Asante sana. Nitamwambia leo leo.

#20 Kalamu_Nyekundu
Bandiko la #17 limenigusa kuliko yote. Fundi, angalia hapo. Mwalimu aliye hai angemuuliza mtoto, "Kwa nini umesema kweli?" Angepata jibu la kunguru na njiwa, na somo lingeanzia hapo. Kile kishikwambi kilimfundisha jambo moja tu: acha kufikiri, bonyeza kinachotakiwa.

#21 Fundi_Mitambo
Mwalimu, hiyo ni programu mbovu. Usiihukumu teknolojia yote kwa programu moja. Wewe mwenyewe hapo umetumia "some" kama "all".

#22 Siti_ya_Mbele
Hapo Fundi karudisha mpira!

#23 Kalamu_Nyekundu
Amerudisha kwa haki. Nimesema "kile kishikwambi", lakini nakiri nilikuwa nawaza vyote.

#24 Jirani_wa_Maktaba
Nimefuatilia kimya, niongeze lingine ambalo naona ni hatari kuliko "few". Ukanushi wa "wote".

"Shule zote hazitafungwa." Ninaposoma hivi naelewa hakuna itakayofungwa. Mwingine anakusudia kwamba baadhi zitafungwa, baadhi hazitafungwa. Kama ndicho anachotaka, Kiswahili kina njia safi: "Si shule zote zitakazofungwa." Watu hawaitumii, halafu wanahamishia uvivu huo huo kwenye Kiingereza: "All schools will not close." Mzungumzaji wa Kiingereza naye anabaki njia panda. Andika "Not all schools will close" au "No school will close" umalize.

Kwenye mjadala wa elimu ya kesho hizo ni dunia mbili tofauti.

#25 Mzee_wa_Ngeli
Nakazia #24. Na nyingine ya ukoo huo: "wengi". "Wanafunzi wengi watasoma kwa mashine." Ni "many" au "most"? Ukitaka "most" sema "walio wengi" au "sehemu kubwa ya wanafunzi". "Many" inaweza kuwa milioni 50 na bado wakawa sehemu ndogo ya wanafunzi wa dunia.

#26 Kalamu_Nyekundu
Na ukishafika kwenye "most", usiandike "most of students". Ama "most students", ama "most of the students" ukiwa na kundi maalumu unalolijua.

#27 Takwimu_Kwanza
Mfano wa namba. UNESCO inasema kufikia 2030 dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa msingi na sekondari. Mmoja akisikia anasema "few teachers will be needed in the future", mwingine anasema "many more teachers are needed". Wa pili ana namba mkononi. Na hitaji hilo si la shule mpya tu, sehemu kubwa ni kuziba nafasi za wanaoacha kazi.

Namba nyingine: ripoti ya UNESCO ya 2016 ilisema hadi asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Watu wanainukuu na kuidondosha "hadi". Neno dogo, lakini ndilo linalosema kwamba huo ni ukomo wa juu wa makadirio.

#28 Zumaridi_T
Hiyo 40 ndiyo inayonirudisha kwenye swali la pili la mleta uzi. Mtoto anayefundishwa hesabu kwa lugha anayoishika nusu, "each", "every", "at least", "at most", "no more than" ndizo zinazomwangusha. Kugawanya anajua. Hajui swali limemtaka agawe kwa kila mmoja au kwa wote.

#29 Bando_Limeisha
Kweli kabisa. "At most" nilikuwa naisoma kama "most" mpaka nimefika chuo. Nikiona "at most 5" najua ni nyingi, kumbe ni zisizozidi 5.

#30 Fundi_Mitambo
Nimefanya jaribio ili nisiongee hewani. Nimeiandikia programu ya kutafsiri: "Walimu wachache wataachishwa kazi." Imenipa "A few teachers will be laid off." Nikaandika: "Ni walimu wachache watakaoachishwa kazi." Ikanipa tena "A few teachers." Nikaongeza "tu" mwishoni, ikageuka: "Only a few teachers."

Mzee, ile tofauti yako ya mpangilio haikuiona. Ya "tu" imeiona. Sisemi itabaki hivyo. Lakini leo, saa hii, mtu asiyejua tofauti asingejua kwamba amepotezwa.

#31 Mzee_wa_Ngeli
Ndugu yangu Fundi, hilo ni jambo la kiungwana, kuleta ushahidi unaokuumiza mwenyewe. Inawezekana pia kwamba mpangilio wangu si kila msemaji anausikia hivyo. Mwalimu, wewe unasikiaje?

#32 Kalamu_Nyekundu
Nasikia kama wewe. Ila wanafunzi wangu wawili niliowauliza sasa hivi wamegawanyika. Mmoja anasema bila "tu" au "sana" haoni upungufu wowote. Kwa hiyo huenda tofauti tunayo, lakini tunaibeba kwa sauti na kwa "tu", siyo kwa neno lenyewe.

#33 Jirani_wa_Maktaba
Na mimi bado nasema tatizo ni jedwali. Tunafundishwa "few = -chache, a few = -chache", safu mbili, jibu moja, halafu tunaambiwa tukariri. Nani atakumbuka tofauti ambayo tafsiri yake imeifuta?

#34 Siti_ya_Mbele
Mimi nimejifunza bila kulipa ada. "Fewer" na "less" je? Nimesikia watu wanazozana.

#35 Takwimu_Kwanza
Kanuni ya "fewer" kwa vinavyohesabika mara nyingi hurudishwa kwa mwandishi Robert Baker mwaka 1770, na yeye aliitoa kama anavyopendelea tu. "Less" kwa vinavyohesabika ni ya zamani mno, hadi kwenye maandishi ya mfalme Alfred wa Uingereza katika karne ya 9. Kwenye mtihani andika "fewer students, less time". Na "less than 10 years" ni sahihi, hapo miaka inachukuliwa kama kiasi kimoja cha muda.

#36 Fundi_Mitambo
Sasa Takwimu, kama kanuni yenyewe ni pendekezo la mtu wa 1770, kwa nini mtoto wa leo apoteze alama kwa hilo?

#37 Takwimu_Kwanza
Kwa hilo niko upande wako. Kwa "few" na "a few" siko. Moja ni adabu ya mavazi, nyingine inabadilisha unachokiri mbele za watu.

#38 Mwanga_wa_Jioni
Wapendwa, asanteni. Nimeiandika upya aya yangu jana usiku na leo asubuhi nimeipeleka. Sentensi ya kwanza sasa inasema hivi:

"Not all students will learn well from machines, and most of them will still need a few good teachers."

Nimechagua "not all" kwa ajili ya #24, "most" kwa ajili ya Mzee, na "a few" nimeiandika kwa mkono kwanza kwenye karatasi, nikaizungushia duara ile "a" kabla ya kuchapa.

#39 Kalamu_Nyekundu
Nzuri sana, binti. Ila "most of them": "them" ni nani? Wale wasiojifunza vizuri kwa mashine, au wanafunzi wote?

#40 Zumaridi_T
Na "a few good teachers" ni wachache kwa kila mwanafunzi, au wachache hao hao kwa wote?

#41 Mwanga_wa_Jioni
Kila mwanafunzi na wake. Narudi kuandika.